Tusimtumie Akhwari kuwaumiza wakimbiaji wa ridhaa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kila msimu wa mbio ukikaribia, washereheshaji, viongozi wa klabu za jogging na hata magazeti humsimulia mkimbiaji wa ridhaa habari ile ile: John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa Tanzania, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968, goti limefungwa bandeji, anaingia uwanjani akichechemea zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, naye ndiye wa 57. Kisha anaambiwa: na wewe kaza roho.

Hatuna ugomvi na Akhwari. Ugomvi wetu ni na somo linalochotwa kwake. Anayelitoa hasemi kwamba mwaka 1970, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, mtu huyo huyo alishika nafasi ya tano kwa saa 2:15:05. Muda wa namna hiyo haupatikani kwa kukaza roho. Aliyeanguka Mexico alikuwa na miaka ya mazoezi miguuni, na alikuwa kwenye Olimpiki, shughuli ambayo mtu huifikia mara moja au mbili maishani. Mhasibu wa Kariakoo anayekimbia kilomita 12 kwa wiki hana akiba hiyo, na medali anayoikimbilia itagawiwa tena mwakani.

Tuanze na jina lenyewe. Siku hizi hata kilomita tano za hisani zinaitwa marathoni. Si dhambi, fulana ni nzuri na fedha zinakwenda hospitalini. Tatizo ni kwamba aliyemaliza tano mwezi Juni anaamini 42 ni zile zile zilizoongezwa kidogo. Marathoni ni kilomita 42.195, na kinachoitenganisha na mbio fupi ni hesabu ya chakula mwilini. Mtu hutumia takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wake kwa kila kilomita. Mwenye kilo 65 atahitaji kama 2,700 kumaliza. Akiba ya wanga kwenye misuli na ini ni karibu 2,000. Mafuta ya mwili husaidia kujaza pengo, ila huungua polepole, na kadiri mtu anavyokimbia kwa kasi ndivyo anavyokula wanga zaidi. Ndiyo maana wengi huzimika kati ya kilomita ya 30 na ya 35, hata wenye roho ngumu. Ukizimika hapo, maneno ya kutiana moyo hayageuki kuwa wanga.

Chukua Kilimanjaro Marathon ya Moshi, ambayo kwa kawaida huwa mwishoni mwa Februari. Ukirudi nyuma wiki 16 za mazoezi unaangukia mwanzoni mwa Novemba. Siku hiyo ya kuanza, mkimbiaji awe tayari na miezi mitatu ya kukimbia kilomita 25 hadi 30 kwa wiki bila maumivu. Asiye na msingi huo ajiandikishe kilomita 21 na asione haya.

Mwenye kazi na familia zinamtosha siku nne kwa wiki: mbili za kilomita sita hadi nane za pole, moja ya kumi ambayo katikati yake ana dakika 20 za kukaza mwendo, na Jumapili ndefu. Jumapili inaanza na 14, inapanda 16, 18, halafu inashushwa 12 ili mwili ulipwe deni. Wiki ya tano 20, kisha 22, 24, na kushuka 16. Wiki ya tisa 26, kisha 28, 30, kushuka 20. Wiki ya 13 ndiyo ya 32, na hakuna haja ya kupita hapo. Zinabaki wiki tatu za kupunguza: 22, 14, na mbio zenyewe. Watu wengi huharibu hizi tatu za mwisho. Mtu aliyeumwa malaria Januari anataka kufidia Februari, anakimbia 35 siku kumi kabla ya Moshi, anafika mstari wa kuanzia amechoka. Mazoezi ya siku kumi za mwisho hayaongezi pumzi yoyote ya siku ya mbio. Yanaongeza uchovu tu.

Mwendo wa Jumapili ndio unaopuuzwa kuliko yote. Kipimo tunacho tangu shule ya msingi: mchakamchaka. Kama huwezi kuitikia wimbo kwa sauti kamili, sentensi nzima bila kukata, unakimbia mno. Klabu zetu za jogging zilikuwa na kipimo hiki bure, kisha zikaja saa za mkononi na programu za simu zinazoonyesha nani kamzidi nani, na nyimbo zikanyamaza. Sasa Jumapili imekuwa mashindano ya kuwahi supu. Wakimbiaji wa kulipwa wanaoshindana kwa dakika tatu kwa kilomita hufanya mbio zao za pole kwa dakika nne na nusu, hata tano. Wa ridhaa anayetarajia kumaliza Moshi kwa saa 4:30, yaani dakika 6 na sekunde 24 kwa kilomita, anafanya Jumapili yake kwa dakika 5:50. Anamzidi bingwa kwa ujasiri tu.

Sababu ya pole si uvivu. Moyo na mapafu huzoea haraka. Ndani ya wiki sita mtu anajisikia mwepesi. Mifupa na kano huchukua miezi. Mfupa uliopewa kazi mpya kwanza hubomolewa kidogo kabla ya kujengwa upya, kwa hiyo kuna kipindi ambacho ni dhaifu kuliko ulivyoanza. Na kipindi hicho ndicho pumzi inaanza kunoga. Hapo, wiki ya sita hadi ya tisa, ndipo muundi, mfupa wa mbele ya mguu chini ya goti, huanza kuuma.

Hili la maumivu tunaomba lisomwe mara mbili. Uchovu wa misuli umeenea, uko miguu yote miwili, unapungua ukishapasha mwili moto, na siku ya tatu umekwisha. Maumivu ya mfupa yana nukta moja unayoweza kuigusa kwa kidole. Yanazidi kadiri unavyokimbia, na yakikomaa yanauma hata usiku kitandani. Ruka kwa mguu mmoja mara tatu. Kama nukta ile inachoma, acha kukimbia na umwone daktari. Ufa wa muundi unaoheshimiwa mapema hudai wiki sita hadi nane. Ukikimbiwa hadi uvunjike, unadai chuma na mwaka. Kwa akina mama na akina dada: hedhi ikikatika wakati wa mazoezi makali, mara nyingi ni dalili kwamba chakula hakitoshi na mifupa inalipa. Isichukuliwe kuwa ushahidi wa kujituma.

Na vidonge. Kumeza diklofenaki au ibuprofeni alfajiri ya mbio kumekuwa kawaida kama kufunga kamba za viatu. Dawa hizi hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, wakati ambapo jua na jasho vimeshaipunguza. Zinaudhi tumbo pia. Mguu unaohitaji kidonge ili uanze mbio haukupaswa kuanza.

Kuhusu kula njiani: gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, kuanzia dakika ya 30 au 40, kabla njaa haijabisha hodi. Ndizi mbivu ya wastani ina kama gramu 25. Tende tatu ndogo zinakaribia 20. Glukosi ya unga iliyochanganywa na maji na chumvi kidogo inafaa, ni rahisi na inapatikana duka lolote la dawa. Kosa ni kuijaribu kwa mara ya kwanza siku ya mbio. Ukikimbia, damu inahama tumboni kwenda miguuni, na tumbo lisilozoezwa hurudisha kilichoingia au hukimbilia kichakani. Lifundishwe kila Jumapili ndefu, kwa chakula kile kile cha siku ya mbio.

Maji nayo. Ushauri wa "kunywa kadiri uwezavyo" umezeeka na ni hatari. Kwenye Boston Marathon ya mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu mwisho wa mbio. Asilimia 13 walikuwa na sodiamu, yaani chumvi ya damu, iliyoshuka kuliko inavyotakiwa, na dalili kubwa iliyoendana na hali hiyo ilikuwa kuongezeka uzito njiani, maana yake walikunywa zaidi ya walivyotoka jasho. Waliokaa barabarani zaidi ya saa nne walikuwa hatarini zaidi, na hao ndio wa ridhaa. Kila mtu ajipime: panda mizani kabla na baada ya mazoezi ya saa moja, bila nguo zilizolowa. Kilo moja iliyopotea ni takriban lita moja ya jasho, ukijumlisha ulichokunywa. Anayefanya mazoezi Dar es Salaam kwenye unyevu wa Januari atapata namba kubwa. Moshi hewa ni kavu zaidi, jasho hukauka kabla hujaliona, na mtu hudhani hatoki. Kunywa kwa kiu, usimalize mbio ukiwa mzito kuliko ulivyoanza.

Viatu tuvipitie haraka. Mitumba si tatizo, uzee wa soli ndio tatizo. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba: kama ni ngumu kama kandambili iliyopigwa jua, kimekufa hata kama juu kinang'aa. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, la sivyo kucha zitakuwa nyeusi. Soksi za pamba tupu hulowa na kuleta malengelenge. Mafuta ya mgando yapakwe mapajani na kwapani, na wanaume wabandike plasta kwenye chuchu. Anayecheka hajafika kilomita ya 25.

Njia ya Moshi ina mtego ambao wakazi wa Dar hawaujui. Nusu ya kwanza ni ya tambarare kiasi, kisha barabara inapanda kuelekea Mweka, halafu inashuka kurudi mjini. Kila mtu anaogopa mpando. Kinachovunja mapaja ni mteremko, kwa sababu msuli unafanya kazi ya kufunga breki huku unavutwa. Wa Dar wautumie mlima wa Chuo Kikuu na vilima vya Pugu, wajizoeze kushuka sawa na kupanda: hatua fupi, nyingi, mguu ukanyage chini ya mwili, si mbele yake.

Sasa ombi letu, Mhariri, kwako na kwa waandaaji wa mbio nchini. Wewe unatupa picha za medali Jumatatu ya mwisho wa Februari. Tupe ratiba ya mazoezi Jumatatu ya kwanza ya Novemba, na makala ya daktari kuhusu maumivu ya muundi kabla ya Krismasi. Waandaaji waweke mizani kwenye hema la huduma ya kwanza, na kila mkimbiaji aandike uzito wake nyuma ya namba ya kifuani kabla ya kuanza. Anayeanguka akiwa ameongezeka uzito, vidole vimevimba, anatapika na kuchanganyikiwa, asitundikiwe dripu ya kawaida kwa mazoea, kwani inaweza kumzidishia. Apelekwe hospitali na karatasi inayosema hivyo. Anayeanguka akiwa wa moto na amechanganyikiwa apoozwe pale pale, kwenye beseni au turubai lenye maji na barafu, kabla ya kupakiwa kwenye gari. Barafu ya samaki kutoka soko la Feri inagharimu kiasi kidogo kuliko jukwaa la muziki. Na mshereheshaji apewe sentensi moja ya kuisoma kila baada ya dakika kumi, inayosema gari la kuwachukua waliosimama liko wapi na kwamba kulipanda hakumwondolei mtu fulana yake.

Makocha wa kujitolea,
Klabu ya jogging, Kinondoni,
Dar es Salaam