Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: fulani katajwa, fulani kaachwa

Ndugu wanachama wa klabu yetu ya kuangalia muvi, poleni na kunisubiri. Najua wengi mnataka nifike kwenye lile zogo la kura kwahiyo haya ya mwanzo nayapitisha mbio mbio. Tumekutana mara 11 badala ya 12, ule mwezi mmoja tuliukosa sababu jamaa aliyetuahidi projekta alizima simu saa moja kabla na tukabaki tunaangaliana, sasa projekta tunayo ya kwetu. Hesabu mhasibu kashazituma kwenye grupu, mwenye swali amfuate yeye maana mimi namba na mimi hatupatani. Tuko 41, wapya 6, wawili wametuaga kwa amani na mmoja kwa hasira, hiyo hasira nitaifikia.

Mwaka huu mlitaka tuangalie jambo moja tu, kazi za uigizaji zilizoachwa nje ya Oscar. Inakuwaje mtu anauvaa uhusika mpaka unasahau jina lake la kweli halafu orodha inatoka hayumo? Mimi nilianza na jibu langu tayari kama wengi wenu, kwamba ni ubaguzi na kujuana, basi, tufunge kikao. Na sikatai. Mwaka 2015 na 2016 waigizaji wote 20 waliotajwa kuwania walikuwa weupe, miaka miwili mfululizo, na hiyo 2016 Idris Elba kwa Beasts of No Nation alibeba tuzo ya chama cha waigizaji wa Marekani, halafu kwenye Oscar hata kutajwa hakutajwa. Kelele za kipindi kile ndo zilifanya Akademi, hao wenye tuzo za Oscar, iahidi kuongeza mara mbili wanachama wanawake na wasio weupe kufikia 2020. Ila ukiishia hapo utashindwa kunieleza ya Barkhad Abdi na Tom Hanks.

Mnakumbuka tulivyoangalia Captain Phillips, ile ya kapteni wa meli aliyetekwa na maharamia. Abdi, Msomali, muvi yake ya kwanza kabisa maishani, katajwa kuwania muigizaji msaidizi 2014, na Hanks ambaye ana Oscar mbili kabatini kaachwa. Ile sehemu ya mwisho tuliirudia mara tatu, kapteni, ndo Hanks, yuko chumba cha matibabu melini, damu mpaka usoni, mhudumu anamuuliza vitu vya kawaida tu na yeye anashindwa kujibu, mdomo unacheza, maneno hayatoki, mwili wote unatetemeka kama mtu aliyetolewa kwenye barafu. Yule mhudumu wala sio muigizaji, ni mwanajeshi wa majini kweli wa upande wa tiba, anafanya kazi yake ya kila siku na Hanks anavunjika mbele yake. Chumba chetu kilinyamaza. Sasa hapo utasema nini, kwamba Hanks hajuani na watu Hollywood?

Ndo katibu akaja na wazo la kusoma kanuni za kura zenyewe, na hapo mimi macho yakafunguka. Wanaotaja majina ni waigizaji wenzao, lile tawi la waigizaji ndani ya Akademi, ndo tawi kubwa kuliko yote, lina zaidi ya watu 1,000, Akademi nzima inaingia kwenye kura ya mwisho ya kumpata mshindi tu. Na hawaweki tiki. Kila mtu anaandika majina mpaka matano kwa mpangilio, anayempenda kuliko wote juu, anayefuata chini yake, hivyo hivyo. Kuhesabu kunaanza na wale wa namba moja peke yao. Unagawa kura kwa 6, unaongeza moja, hicho ndo kizingiti, aliyekivuka kapita. Mwenye namba moja chache kuliko wote anatolewa na karatasi zake zinahamia kwa jina linalofuata, mpaka wabaki watano.

Tukasema tujaribu. Tulichukua kazi saba tulizoangalia: Lupita Nyong'o kwenye Us, Toni Collette kwenye Hereditary, Hanks, Jim Carrey kwenye The Truman Show, Elba, Andy Serkis na Gollum wake wa The Lord of the Rings, na Amy Adams kwenye Arrival. Karatasi 36 zikarudi, kizingiti kikawa 7. Katibu akazimwaga mezani, akapanga mafungu. Lupita 9, Toni 8, hao wamepita bila jasho. Hanks 6, Carrey 5, Elba 4, Serkis 3, Amy Adams 1.

Moja! Na tulipozipekua karatasi jina la Adams lilikuwepo kwenye 29 kati ya 36, la tatu, la nne, la tatu, la tatu, karibu chumba kizima kilimpenda. Elba alitajwa kwenye 14 tu na akapita. Adams akatolewa wa kwanza, Serkis akafuata, mchezo ukaisha. Mwanachama wetu mmoja, ndo huyo wa hasira, akasimama akasema huu ni wizi, tukahesabu tena, tukahesabu mara ya tatu, fungu la Adams bado karatasi moja, na ilikuwa ya kwake. Hajarudi tangu siku hiyo na mimi namuomba hapa mbele yenu arudi, hakuna aliyemuibia.

Maana hebu fikirieni Adams alifanya nini kwenye Arrival. Anasikiliza. Muvi nzima mtu anasikiliza na uso unabadilika kidogo kidogo, hakuna kilio cha kukatwa klipu. Toni Collette ana ile ya mezani anamfokea mwanae mpaka mishipa inatoka, Lupita ana watu wawili ndani ya muvi moja na ile sauti ya kukwaruza ambayo ukiisikia mara moja unalala taa zinawaka. Kitu kama hicho ndo kinamfanya mtu akuandike wa kwanza. Kazi iliyotulia kila mtu anaiheshimu na kila mtu anaiweka ya tatu. Sisi ambao tumekaa mwaka mzima tunawasema watu wa Oscar, tukapewa karatasi zao tukamuacha nje yule yule waliyemuacha wao 2017, na Arrival ilipata kutajwa mara nane mwaka ule.

Jingine ambalo sisi tulilifanya vibaya, tulichanganya steringi na wasaidizi kwenye kundi moja la tuzo. Wenzetu hapo ndo wanapochezeana. Studio inapiga kampeni mtu awekwe upande fulani ila neno la mwisho ni la mpiga kura. Kate Winslet alipigiwa kampeni kama msaidizi kwenye The Reader, wapiga kura wakamsogeza kwa masteringi na akashinda 2009, na kwa kuwa kanuni ya wakati ule haikuruhusu muigizaji kutajwa mara mbili kwenye kundi moja ile kazi yake nyingine ya mwaka huo, Revolutionary Road, ikabaki nje. 2021 Daniel Kaluuya na LaKeith Stanfield wote wakatajwa kama wasaidizi kwa muvi moja, Judas and the Black Messiah, sasa steringi alikuwa nani mimi mpaka leo naulizia. Zamani ilikuwa kichekesho zaidi, Barry Fitzgerald alitajwa pande zote mbili kwa uhusika ule ule wa Going My Way ya 1944, ndo wakabadilisha kanuni.

Na ukishaelewa hesabu ya namba moja, ya Andrea Riseborough kutajwa 2023 inaacha kuwa muujiza. Muvi yake, To Leslie, iliingiza kama dola 27,000 tu kwenye kumbi, hakuna mabango, hakuna hela ya kampeni. Ila marafiki zake mastaa, kina Winslet na Gwyneth Paltrow, wakaanza kuwasukuma wenzao waiangalie. Huhitaji watu wote wakujue, unahitaji mia kadhaa wakuweke juu kabisa. Akademi ikakaa kuchunguza ile kampeni, ikamuachia nafasi yake. Mwaka ule ule Viola Davis na Danielle Deadwyler, waigizaji weusi waliotarajiwa sana, wakakosa, na mjadala wetu wa usiku ule sitaki kuurudia, mliokuwepo mnajua. Msimamo wangu mimi ni kwamba mambo yote mawili ni kweli, hesabu haina rangi ila anayekupigia simu kukwambia kaangalie muvi fulani anampigia anayemjua.

Muvi za kutisha na za kuchekesha sizigusi sana, mnajua zinavyodharauliwa, Carrey ana Golden Globe mbili na Oscar hajawahi kutajwa hata mara moja. Parasite vile vile, imebeba tuzo ya filamu bora 2020 na hakuna muigizaji wake hata mmoja aliyetajwa. Watu wameipenda muvi, hawakuchagua uso.

Sasa ya mwakani. Kuanzia kura za 2026 Akademi inadai mpiga kura awe ameangalia filamu zote zilizotajwa kwenye kundi la tuzo kabla ya kulipigia kura ya mwisho, yaani kabla ya hapo haikuwa lazima, hebu fikiria. Mimi napendekeza na sisi tuige, maana siku ile nilihesabu karatasi nne za watu ambao nina uhakika Hereditary walitoka nusu wakisingizia simu, na wawili wao walimuweka Toni wa kwanza. Hoja hii tutaipigia kura kwenye mkutano, kwa kunyoosha mikono tu, maana katibu kasema mafungu ya karatasi hataki kuyaona tena.