Kwa vijana mnaorekodi watu wakitolewa mapepo

Wanangu, wajukuu zangu,

Nilihariri picha za runinga miaka mingi, mpaka macho yalipochoka. Kama mapepo yapo au hayapo, hilo nawaachia wachungaji na mashehe. Mimi nataka tuzungumzie fomu.

Ile fomu ya ridhaa, anayotia saini mtu kabla kamera haijawashwa. Kipindi chenu kizima kimesimama juu ya dai moja: huyu si yeye, anayesema ndani yake ni mwingine. Haya, kama ni kweli, aliyetia saini ni nani? Na kama si kweli, basi mmepata mgonjwa, au mtu aliyejua mnachotaka kuona akawapa. Swali hili nimeligeuza kila upande, sijaona pa kutokea.

Mtaniambia hamkuanza ninyi. Ni kweli. Mwaka 1991 kituo cha ABC cha Marekani kilionyesha binti wa miaka 16 akitolewa mapepo. Mwaka 2015 kituo kingine cha hukohuko kikarusha mubashara nyumba ya mjini St. Louis ikitolewa mapepo, kwa sababu ya habari za mvulana aliyeombewa humo mwaka 1949. Nyumba, angalau, haiaibiki.

Lakini tazameni Kanisa Katoliki, ambalo kazi hii linaifanya kwa karne nyingi. Padri haifanyi bila kibali cha askofu, na utaratibu uliotolewa upya mwaka 1999 unakataza vyombo vya habari kuwamo ibada ikiendelea. Wenye kuamini hasa ndio waliofunga mlango.

Halafu kuna Anneliese Michel wa Ujerumani. Madaktari walisema ana kifafa. Kuanzia mwaka 1975 aliombewa vikao 67, na vingi vilirekodiwa. Kinasa sauti kinazunguka, yeye anakonda. Alikufa tarehe 1 Julai 1976, ana miaka 23, kwa kukosa chakula na maji. Wazazi wake na mapadri wawili walitiwa hatiani mwaka 1978. Kanda zilisikilizwa mahakamani. Zilimnasa vizuri sana.

Nami nina yangu. Niliwahi kuletewa mkanda wa msichana aliyekuwa akiombewa. Kabla ya mayowe aliomba maji mara tatu, akauliza kama wamemaliza, anataka kwenda nyumbani. Vipande hivyo nilivikata. Hakuna aliyeniamuru, niliona vinapoza tu. Bila yale maji, mayowe yakawa yametoka kusikojulikana, na mtayarishaji akanipongeza.

Kwa hiyo nawaomba hivi. Mtu akianguka, akikakamaa, akitoka povu, zimeni kamera mwiteni daktari, maombi hayakimbii. Msirekodi mtoto, hata wazazi wakiwasihi. Na mtu mzima, hata akishatia saini, mrudieni baada ya wiki kadhaa, ametulia, amelala, amekula, yupo na ndugu asiyelipwa na ninyi. Mwonyesheni picha yote, pamoja na mtakavyokata, ndipo mumuulize upya. Akikataa, futeni mbele yake. Najua mtapoteza vipindi vingi kwa njia hii, pengine vyote.

Yule msichana sikumtafuta kumwonyesha. Jina lake na anwani vilikuwa kwenye fomu, mezani kwangu, kwa muda wa mwezi mzima.

Mzee wenu.