Mazoezi ya kusoma ya IELTS (mtihani wa kimataifa wa Kiingereza) Jumamosi: muda umebadilika

Habari za jioni, wapendwa. Jumamosi tunaanza saa 3:00 asubuhi, si saa 4:00 tena. Ni palepale kwangu Sinza.

1. Tutafanya sehemu ya kusoma nzima: makala 3, maswali 40, dakika 60. Andika majibu moja kwa moja kwenye karatasi ya majibu. Hakuna dakika za ziada za kunakili, na wiki iliyopita wengi tuliumia hapo.
2. Fotokopi ni shilingi 2,000 kila mmoja. Njoo na penseli.

Baadaye tutarudia yale maswali ya kweli, si kweli au haikutajwa. Jibu litoke kwenye makala, hata kama mada unaijua vizuri.

Tafadhali andika "nipo" au "sipo" kabla ya Ijumaa saa 12:00 jioni, nijue nitoe nakala ngapi.