Barua ya malalamiko: Kuhama kampuni hakufuti madai ya ajali

Meneja wa Tawi,
Kampuni ya Bima,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

YAH: KUCHELEWESHWA MADAI YA AJALI NA KUNYIMWA BARUA YA HISTORIA YA MADAI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa bima kubwa, ile inayolipa hata uharibifu wa gari langu mwenyewe. Gari langu ni Toyota Probox ninayobebea dagaa kutoka Mwaloni Kirumba kwenda kwa wateja wangu wa Misungwi na Shinyanga. Niliikatia bima kama gari la biashara la kubeba mizigo, kwa ada ya biashara, na nililipa yote kwa mkupuo kabla ya kupewa stika. Kabla ya ajali hii sikuwahi kuwadai hata senti.

Ajali ilitokea Mkuyuni, barabara ya Kenyatta. Nilikuwa nimesimama kwenye zebra nikiwapisha wanafunzi, Fuso iliyokuwa nyuma yangu ikanigonga. Trafiki walifika, wakapima, wakachora ramani ya ajali, na dereva wa Fuso ndiye aliyeonekana ana kosa. Ripoti ya polisi, ripoti ya ukaguzi wa gari, nakala ya leseni, kadi ya gari na fomu ya madai vyote viko kwenu. Nakala mliyonigongea muhuri wa kupokea ninayo.

Mtathmini wenu alikuja kuliona gari gereji, Nyakato. Alipiga picha kwa simu akiwa amesimama. Fundi alimwomba asubiri kidogo atoe zulia la nyuma, akajibu kwamba ana haraka. Ripoti yake imetaja bampa, taa mbili za nyuma na rangi, basi. Ukitoa zulia lile unakuta sakafu ya buti imejikunja mpaka pale linapokaa tairi la akiba, na bomba la ekzosi limesukumwa hadi linagusa bodi. Mlango wa nyuma haufungi kabisa, tumeufunga kwa kamba ya manila. Gari la namna hiyo huwezi kulibadilishia taa ukasema limetengenezwa. Nilileta makadirio ya fundi pamoja na picha za sakafu hiyo, na mpaka leo hakuna aliyenijibu kwa maandishi.

Kwa hali hiyo niliamua kwamba bima yangu ikiisha mwisho wa mwezi huu nihamie kampuni nyingine. Nilipowaarifu, ofisa wenu wa madai akaniambia kwa simu kwamba nikihama, madai yangu "yanakufa".

Naomba mnioneshe kifungu cha mkataba kinachosema hivyo. Nimeusoma mkataba wote, sijakiona. Siku ya ajali stika yenu ilikuwa hai, na ofisa wenu huyo huyo aliihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, nikiwa mbele yake. Ajali ikitokea ndani ya muda wa bima, mwenye kuilipa ni kampuni iliyokuwa na bima siku hiyo, hata kama mteja amehama kesho yake. Kampuni ninayohamia haiwezi kubeba ajali iliyotokea kabla haijanipokea, na sijaiomba ifanye hivyo.

Ila wamenieleza mambo mawili, na yote mawili yanarudi kwenu. La kwanza, wanataka barua ya historia ya madai kutoka kampuni ninayotoka. Fomu yao inauliza wazi kama gari limewahi kupata ajali, nami nimejibu ndiyo, kwa sababu bima ni mkataba wa kuambiana ukweli wote, na mteja akificha ajali anaweza kunyimwa malipo siku atakapoyahitaji. Barua hiyo nimewaomba, mnasema nisubiri madai yaishe kwanza. La pili, wamelikagua gari na hawawezi kulikatia bima kubwa likiwa limebonyea hivi. Nawaelewa kabisa. Sasa tazameni mlikonifikisha: hamlipi, kwa hiyo gari halitengenezwi, halitengenezwi, kwa hiyo siwezi kuhama, na nikibaki kwenu mnasema punguzo la kutodai, yaani nafuu ya ada anayopewa mteja asiyedai, limefutwa na ada inapanda. Ninaadhibiwa kwa kosa la dereva wa Fuso. Ninyi mkishanilipa mna haki ya kumgeukia mwenye Fuso pamoja na kampuni iliyomkatia bima, fedha yenu irudi.

Huku biashara inaumia. Nakodi gari la kupeleka mzigo, na likikosekana magunia yanalala. Dagaa wakipigwa na unyevu wa masika wanaota ukungu, mnunuzi anawakataa, hasara inabaki kwangu na kwa akina mama wanaonianikia.

Naomba mtathmini mwingine aje, zulia litolewe, na sakafu ya gari iingizwe kwenye ripoti. Naomba malipo kwa mujibu wa matengenezo halisi, mkikata ekses iliyoandikwa kwenye mkataba, yaani sehemu ya hasara anayobeba mteja mwenyewe, ambayo sibishani nayo. Barua ya historia ya madai naiomba wiki hii, ioneshe kwamba nimedai mara moja, kwamba niligongwa kwa nyuma, na kwamba madai bado yako wazi. Kauli ya kwamba madai yangu yanakufa iondolewe kwa maandishi, au niandikiwe kwa maandishi ikiwa na saini yako.

Nisipopata majibu ndani ya siku 14, nitalipeleka shauri hili kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye yupo kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Nakala ya barua hii naipeleka leo TIRA, ofisi ya Kanda ya Ziwa, hapa hapa Mwanza.

Wako mteja,

Mfanyabiashara wa dagaa,
Mwaloni Kirumba, Mwanza.