Barua ya kufunga muhula wa kwanza: mahudhurio na kuwahi shuleni

Ndugu wazazi na walezi,

Salaam. Tunafunga shule Ijumaa hii na kila mtoto atakuja nyumbani na ripoti yake. Kabla hujatazama ameshika nafasi ya ngapi, teremsha macho hadi chini kabisa, palipoandikwa siku alizohudhuria na siku alizokosa. Safari hii nimewaomba walimu wa madarasa waandike pia mara alizochelewa. Ukishazisoma hizo, alama zilizo juu yake hazitakushangaza sana.

Juzi nilikaa na daftari la mahudhurio la Darasa la Nne. Safu ya Alhamisi imejaa utoro tangu Februari, ilhali Jumatano na Ijumaa kuna nafuu. Alhamisi ni mnada, soko letu la kila wiki, sote tunajua. Huyu kaachiwa mdogo wake mama akauze, yule kasukuma mkokoteni, na wengine, tuseme ukweli, wamekwenda kwa sababu wenzao wamekwenda. Mzazi anasema ni siku moja tu. Lakini wiki ya shule ina siku tano. Anayekosa kila Alhamisi kwa miaka mitano amekosa mwaka mzima wa masomo, na jina lake muda wote limo kwenye daftari. Somo nalo halimngoji. Hesabu za sehemu, kama nusu na robo, zikifundishwa Alhamisi, Ijumaa anawakuta wenzake wanazijumlisha, basi anachungulia kwa jirani na kunakili.

Kuchelewa kuna hesabu yake. Kipindi cha kwanza kinaanza saa mbili kamili asubuhi, na kwenye ratiba yetu madarasa mengi wanaanza na Hisabati, vichwa vikiwa bado vyepesi. Kipindi kimoja ni dakika 40. Anayeingia saa mbili na dakika 20 kila siku anapoteza dakika 100 kwa wiki, yaani vipindi viwili na nusu, karibu vyote vya somo lile lile. Halafu mzazi ananijia ofisini: "Mwalimu, mwanangu hesabu hazimpandi." Zitampandaje, naye kila siku anazikuta zimeshafutwa ubaoni?

Kwenye kikao kilichopita baadhi yenu mlishauri wachelewaji wachapwe getini. Sikubaliani nanyi. Nimewaelekeza walimu wa zamu kwamba aliyechelewa aingie darasani moja kwa moja. Kumweka nje afyeke nyasi ni kumnyang'anya na kipindi cha pili. Isitoshe, mtoto wa miaka minane hajitumi mwenyewe kisimani. Tunaye binti wa Darasa la Tatu ambaye karibu kila asubuhi anafika sare imelowa begani kwa maji ya ndoo, anahema, na daftari analikunjua wenzake wakifunga yao. Huyo nimchape kwa kosa la nani? Maji yachotwe jioni, na wakubwa waliopo nyumbani wasaidie.

Sasa nije kwenye mpunga, maana huku bondeni Kilombero ndiko tunakopoteza watoto wengi. Mimi pia nina shamba. Najua mpunga ukianza kukomaa lazima mtu akae kwenye dungu kuamia ndege tangu alfajiri, na kwelea wakitua kwa saa moja tu mnalia. Najua pia familia nyingi huhamia shamba mpaka mavuno yaishe. Ninachoomba ni kwamba zamu ya dungu siku za shule iwe ya mtu mzima, na mtoto ashike Jumamosi na Jumapili. Familia inayohama imwache mtoto kijijini kwa bibi, shangazi au jirani mwema. Wapo waliofanya hivyo mwaka huu, watoto hawakukosa hata wiki na mpunga umevunwa. Anayekosa kabisa pa kumwacha aje tuzungumze, tutatafuta njia. Kuondoka kimya kimya ndiko kunakotushinda.

Wanaovuka mto wakati wa masika hatuwalaumu maji yanapojaa. Mtoto mwenye homa naye asiletwe. Apelekwe zahanati akapimwe malaria, na mwalimu wa darasa apewe taarifa siku hiyo hiyo. Kwa mabinti wa Darasa la Tano hadi la Saba, tumegundua wengine hukosa siku tatu au nne kila mwezi kwa aibu. Taulo za kike zipo kwa mwalimu wa malezi, na hakuna atakayeulizwa maswali mbele ya wenzake. Akina mama, waambieni.

Kuhusu uji: michango ya lazima ilifutwa tangu Januari 2016, lakini chakula cha mtoto wa shule ya kutwa kimebaki kuwa jukumu la mzazi. Siku uji ukikosekana, baada ya mapumziko ya saa nne madarasa yanapungua. Mavuno ndiyo haya. Michango ya mahindi ipokelewe na kamati ya shule, si mwalimu.

Sheria ya Elimu, Sura ya 353, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto aliyeandikishwa anahudhuria hadi amalize. Kupeleka majina kwa Mtendaji wa Kijiji si kazi ninayoipenda, lakini muhula ujao nitaipeleka orodha ya watakaokosa wiki mbili mfululizo bila taarifa.

Mtihani wa Darasa la Saba ni Septemba. Tukifungua Julai, kinachobaki ni kama miezi miwili, na wiki ya kwanza ni ya masomo kama wiki nyingine. Hatutangojana mpaka mpunga uuzwe. Tarehe ya kufungua imeandikwa kwenye ripoti. Watoto wawe shuleni saa moja asubuhi, kwa sare, na ripoti iliyosainiwa na mzazi mwenyewe, si kaka yake.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu Mkuu