Mjomba, ngoma zimo

Berlin,
12 Mei 2024

Kwa Mjomba mpendwa,
Mikindani, Mtwara.

Shikamoo Mjomba. Ninatumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na mkazamjomba, na kwamba Bibi kule Newala ameshapona kikohozi. Mimi sijambo. Nimeona niandike badala ya kupiga simu, kwa sababu ulichoniuliza mwezi uliopita, baada ya kusikiliza muziki wangu ninaoutengeneza kwa mashine kwenye simu ya mdogo wangu, hakijibiki kwa mazungumzo ya dakika kumi. Uliniuliza ngoma ziko wapi, ukaongeza kwamba unachosikia ni cherehani iliyokosa mafuta. Nilicheka, lakini swali lile nimelala nalo.

Naomba nianzie kwako mwenyewe, maana wewe ndiye mwalimu wangu wa kwanza, ingawa hukukusudia kufundisha. Kanda yako ya Mlimani Park uliipiga kila Jumapili barazani hadi utepe ukajikunja, nawe ukaurudisha kwa kuzungusha kalamu ya Biki. Bendi ile, iliyoanzishwa 1978, iliuita mtindo wake Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo, ilhali kilichosikika ni magitaa, tarumbeta na saksafoni. Sikukusikia hata siku moja ukiuliza ngoma ya Wazaramo iko wapi. Mimi nilichokidaka katika kanda ile ni tabia ya magitaa yake: kila moja lilisema neno fupi, kisha likanyamaza ili mwenzake apate nafasi. Usiku, ulipozungusha kitufe kutafuta stesheni za Msumbiji, nilipenda hata ule mvumo uliokuwa kati ya stesheni moja na nyingine, na mpaka leo huutia chini ya kazi zangu, kwa sauti ndogo sana.

Tabia hiyo ya magitaa haikuwa ngeni kwangu, kwa kuwa nilikwisha kuiona Newala. Unakumbuka tulivyopelekwa shambani kuamia ndege, tukalaza magogo ya dimbila, ile marimba yetu, juu ya vigogo viwili vya migomba, tukaketi wawili wawili tukitazamana. Mkono wangu ulipiga kitu chepesi ambacho hata mtoto wa miaka sita angekiweza, na wa mwenzangu vivyo hivyo, lakini mapigo yalipoingiana ukazuka wimbo wa tatu ambao hakuna kati yetu aliyekuwa akiupiga. Nilikuwa nikigeuka nyuma kumtafuta mpigaji. Miaka mingi baadaye, huku, nilisikia kazi aliyoifanya Mmarekani Steve Reich mwaka 1965, ambamo sauti ileile ya mhubiri inatoka katika vinasa sauti viwili ambavyo polepole vinaachana mwendo, nikageuka tena nyuma vilevile. Yeye mwenyewe alikwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma. Wasomi wa huku humtaja kwa heshima kubwa, nami sina ugomvi naye, ila mimi jambo lile nilikutana nalo nikiwa nafukuza ndege kwenye mtama.

Sasa nije kwenye hiyo cherehani. Mwaka 1980 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ya mapigo iitwayo TR-808, ambayo huugawa muziki katika hatua 16, na kila hatua unaamua kama kuna pigo au kimya. Vijana weusi wa upande wa Detroit, akina Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, walizichukua mashine za namna hiyo, wakachanganya na walichokisikia kwa kundi la Kraftwerk la Düsseldorf, wakaunda muziki wa tekno. Wenyeji wengi wa Berlin huuzungumzia kana kwamba ulizaliwa mtaani kwao. Nimeacha kubishana nao. Niliponunua nakala ya bei nafuu ya mashine hiyo, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuzima hatua 4, zikabaki 12, kwa sababu ngoma yetu ya sindimba haikai katika 16 na ukiilazimisha inachechemea. Mstari wa pili niliuacha na hatua zake 16 kwenye kompyuta. Mistari hiyo miwili huanza pamoja, ikaachana, na haikutani tena hadi hatua ya 48. Hapo ndipo mchezaji anapokanyaga chini.

Lipo jambo moja ambalo nataka ulijue kabla hujalisikia kwa wengine. Mwandaaji mmoja wa maonyesho aliniomba niingize nyimbo za unyago, akasema zingenipa utambulisho. Nilikataa. Huku humtukuza Pierre Schaeffer wa Paris, aliyeanza kutengeneza muziki kwa sauti zilizorekodiwa mwaka 1948, lakini Mmisri Halim El-Dabh alikwisha kufanya hivyo Cairo mwaka 1944, akirekodi sherehe ya wanawake ya zari, yaani ya kupunga pepo, kwenye waya wa sumaku, kisha akazibadili sauti zao hadi zikabaki kama mwangwi wa mahali pasipojulikana. Kazi ile inanisisimua kila niisikiapo, na kila mara najiuliza wale wanawake walisemaje. Mimi nilichezwa unyago na Bibi pamoja na makungwi wake, na niliyofundishwa mle ndani si mali yangu kuyauza tiketi mlangoni. Nilichotoka nacho ni subira tu: ile namna ya kurudia jambo moja usiku kucha bila kuharakisha, mpaka anayesikiliza aache kungoja jambo lingine.

Mjomba, ngoma zimo, lakini simu ya mdogo wangu haiwezi kuzitoa. Ngoma kubwa nimeiweka chini sana, karibu mitetemo 50 kwa sekunde, na kispika cha simu hakina kifua cha kusukuma hewa kiasi hicho; kinakupa vijiti peke yake, ndiyo maana ulisikia cherehani. Tafadhali mtume mdogo wangu aende kwa yule jirani anayepigisha muziki harusini, aazime spika ile ya mbao, muiweke uani na usimame mbali kidogo. Kuanzia dakika ya nne utasikia sauti ya ngoma ile ikipanda kidogo kidogo, kama ngozi inayooteshwa moto kabla ya mchezo, kisha ikilegea kama inavyolegea umande ukishuka. Nilikaa wiki tatu kwa hizo dakika mbili. Ukiona moto wangu umezidi au umepungua, niambie, maana huku hakuna anayeweza kunisahihisha.

Nisalimie wote nyumbani.

Mpwa wako