Risala ya Waongoza Ndege kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kimataifa ya Waongoza Ndege, 20 Oktoba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa mamlaka na mashirika ya ndege mliopo,
Marubani, mafundi na wanafunzi wetu,
Mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Ungeweza kutuma mwakilishi, na wawakilishi tumeshawapokea wengi. Kuja kwako mwenyewe kumetupa moyo wa kuyasema yale ambayo mwakilishi huahidi tu kuyafikisha.

Siku hii huadhimishwa duniani kote kwa sababu tarehe kama ya leo, mwaka 1961, vyama vya waongoza ndege viliunda shirikisho lao la kimataifa mjini Amsterdam. Chama chetu ni tunda la vuguvugu hilo, na mafanikio yake ni makubwa. Tuna katiba, tuna ofisi yenye samani, tuna mfuko wa kusaidiana ambao haujawahi kumwacha mfiwa peke yake. Tumezunguka mashuleni kuwaeleza vijana kazi ya mnarani, na hamasa tuliyoiona huko haina mfano. Hata mahema tuliyokaa chini yake ni mali ya chama. Yote haya ni kwa michango ya wanachama.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto ndogondogo tutazimaliza wenyewe. Moja imetushinda: watu hawatoshi, na hakuna sheria inayomlazimu yeyote kuhakikisha wanatosha.

Tunaomba utazame zamu ya usiku mnarani. Mtu mmoja ameshika masafa mawili ya redio, ya ndege zinazotembea ardhini na ya zile zinazoruka na kutua. Rubani anarudia maelekezo aliyopewa, na mwongoza ndege lazima aisikie kila tarakimu, kwa kuwa kimo kikirudiwa vibaya, hapo ndipo kosa linapopaswa kunaswa. Wakati huohuo simu ya kituo jirani inalia, anakabidhiwa ndege nyingine. Akiipokea, tarakimu inaweza kumpita. Asipoipokea, ndege inamjia bila mpango. Hata kwenda msalani anavizia pengo kati ya ndege na ndege.

Dunia imeshalilipia somo hili. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, ndege mbili ziligongana angani juu ya Überlingen, Ujerumani, wakafa watu 71, wengi wao watoto. Mwongoza ndege alikuwa peke yake kwenye nafasi mbili za kazi, mwenzake yuko mapumzikoni, na simu kuu zimezimwa kwa matengenezo. Uchunguzi ulionyesha kuwa uongozi ulijua usiku anabaki mtu mmoja, ukaliacha jambo hilo liendelee.

Wapo wanaotushauri kwamba dawa ni kuajiri vijana wengi kwa mkupuo. Tunawaheshimu, lakini kijana akitoka chuoni bado si mwongoza ndege kamili. Lazima aongoze ndege halisi kituoni, mwalimu ameketi ubavuni mwake tayari kumpokonya masafa mambo yakienda mrama. Mwalimu huyo ndiye yuleyule anayejaza mapengo ya zamu. Zamu zikipungukiwa watu, mafunzo ndiyo ya kwanza kuahirishwa, na kijana anabaki mtazamaji kwa miezi. Tena idhini ya kuongoza ndege hutolewa kwa kituo na aina ya kazi. Mkongwe akihamishwa kutoka mnara mmoja kwenda mwingine, anaanza kujifunza upya anga asiyoijua. Ndiyo maana tunaumia anapoondoka hata mmoja kufuata maslahi nje, kwa sababu pengo lake halizibwi kwa barua ya uhamisho.

Marekani iliwafukuza waongoza ndege zaidi ya 11,000 waliogoma Agosti 1981, ikachukua miaka mingi kurudisha idadi yao. Mwaka 2024 nchi hiyo ilipitisha sheria inayoitaka mamlaka yake ya anga, kwa miaka kadhaa mfululizo, iajiri kufikia kikomo cha uwezo wa chuo chake. Nchi yenye uwezo ule imeona hiari haitoshi. Sisi bado tunategemea hiari.

Mgeni rasmi mmoja aliyekutangulia alitueleza kuwa muswada uko mbioni. Tulipiga makofi, tukapiga naye picha. Aliyemfuata akasema rasimu inapitiwa na wataalamu. Tumewaandikia wataalamu hao, na jibu tulilopata ni kwamba barua imepokelewa.

Tunachoomba ni sheria itakayotaka ajira za kila mwaka zipangwe kabla wazee hawajaondoka. Kustaafu hakumshtukizi mtu, kwani tarehe ya kuzaliwa ya kila mmoja wetu imo kwenye jalada lake. Sheria hiyo itenge sehemu ya tozo za huduma za anga kwa ajili ya mafunzo, na fedha hizo zisiguswe kwa shughuli nyingine. Iwatambue walimu wa kituoni kwa posho, na iwatoe kwenye hesabu ya zamu wanapofundisha. Iweke kikomo cha saa za kazi na muda wa mapumziko usiojadiliwa na msimamizi usiku wa manane. Na muundo wa mishahara ulingane na leseni tunazobeba, ili anayetaka kubaki aweze kubaki. Kipengele hiki kikiachwa, vingine vyote vitakuwa vya kuwasomeshea wengine wafanyakazi.

Rasimu tumeiandaa, nakala yako iko kwenye bahasha mezani. Tunaomba, utakaposimama kuzungumza, ututajie tarehe ambayo muswada huu utafikishwa bungeni kusomwa kwa mara ya kwanza. Katibu wetu ana kalamu mkononi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.